Amana ya Mgonjwa



Tumeombwa kusema machache juu ya maadili ya Kiislamu katika uendeshaji wa hospitali, nasi tutaanza na hema. Katika Vita vya Handaki, Saad bin Muadh (r.a.) alijeruhiwa kwa mshale, na Mtukufu Mtume (s.a.w.) akaagiza alazwe katika hema ndani ya msikiti wa Madina, apate kumtazama kwa karibu. Wanahistoria wanaeleza kuwa hema hilo lilikuwa la bibi wa kabila la Aslam, Rufaida, aliyewauguza majeruhi kwa kutaraji thawabu. Basi wodi hiyo ya awali ilikuwa msikitini. Baadhi yetu hudhani kwamba kazi ya msikiti huanza mgonjwa akishafariki.

Mwaka 931 ilimfikia Khalifa al-Muqtadir, mjini Baghdad, habari ya mgonjwa aliyekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit. Yasimuliwa kuwa waliotahiniwa walizidi 860. Msingi wake ni mafundisho ya Mtukufu Mtume (s.a.w.) kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Wenye maduka ya dawa miongoni mwetu, wanaotoa antibiotiki bila cheti cha daktari, na walitafakari hili.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni wa Cairo. Huko, mwaka 1284, Sultani Qalawun alianzisha hospitali kubwa, akaiwekea wakfu wa mali ili mapato yake yaigharimie. Ilikuwa na sehemu mbalimbali kwa wenye homa, wenye maradhi ya macho na waliohitaji kupasuliwa. Wanaume kwao na wanawake kwao. Tajiri na fukara walipokelewa, hapakuwa na ukomo wa siku za kulazwa, na aliyefariki alikafiniwa na kuzikwa kwa mali ya wakfu. Hapakuwa na dirisha la malipo mlangoni.

Hata hivyo, al-Maqrizi anasimulia kuwa mafundi na wapita njia walilazimishwa kufanya kazi katika ujenzi ule, na kwamba wapo waliojizuia kusali katika madrasa iliyojengwa pamoja nayo. Sisi twaona walikuwa na haki. Dawa ya bure haimhalalishii mtu jasho la mwenzake. Na leo hospitali inayojiita ya Kiislamu huku ikichelewesha mishahara ya wauguzi na wafagiaji haina hoja mbele yao.

Sasa tuseme linalotuuma. Katika nchi zetu imetokea mgonjwa aliyepona akazuiwa kutoka kwa sababu hajalipa ada, na maiti ikazuiwa isizikwe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili waliojifungua, kwa ajili ya deni, kulivunja haki zao. Mwislamu hakuhitaji kungoja hukumu hiyo, kwani Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqarah, imeagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Mama aliyefungiwa wodini atachuma wapi fedha ya kulipa?

Wasimamizi nao wana hoja, nayo tusiidharau: glovu hununuliwa, umeme hulipiwa. Tena wapo wenye uwezo wanaotoroka deni, na Mtukufu Mtume (s.a.w.) alimhesabu tajiri anayechelewesha malipo kuwa ni dhalimu. Kwa hiyo mzigo wa fukara usiachiwe mhasibu wa hospitali peke yake. Miongoni mwa mafungu manane ya Zaka limo fungu la wenye madeni, na kwa kweli fungu hilo tumelisahau kwa muda mrefu.

Tunapendekeza kila msikiti uteue watu watatu, mmoja wao awe mwanamke, waende kwenye hospitali iliyo jirani na kuuliza ni nani amepona lakini hajaruhusiwa kwa ajili ya ada. Wasiulize dini yake. Walipe moja kwa moja kwa mhasibu, wachukue stakabadhi, na jina la mgonjwa lisitangazwe msikitini. Kitakachosomwa Ijumaa ni jumla ya fedha tu.