DAKTARI NI WA MTAA GANI?

Hotuba iliyotolewa Kariakoo, Dar es Salaam, mbele ya vijana wanaosomea sayansi za afya na wazee wa mtaa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zetu, na ninyi vijana mnaosomea uganga, uuguzi na ufamasia:

Nimeombwa niseme juu ya elimu ya afya katika Chuo Kikuu. Nitasema, lakini kwanza nitaanza na jina la mahali hapa tulipokaa, maana vijana hulitaja kila siku pasipo kujua kwamba limetokana na wagonjwa. Kariakoo ni Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi. Wajerumani walijenga banda la soko hapa, vita vya 1914 vikaingia, na Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916 wakawaweka hapa wapagazi wao. Vita vile vilipokwisha, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wamekufa, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Watu walichukuliwa makwao kubebeshwa mizigo ya wakubwa, na walipougua hapakuwa na waganga wa kuwatosha.

Sasa tazameni Mnazi Mmoja. Wakoloni waliugawa mji mafungu matatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na huku kwetu Kariakoo na Ilala kwa Mwafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi baina ya Uhindini na sisi. Kisingizio kimoja kikubwa kilikuwa afya: ati maradhi ya Mwafrika yasiwafikie wengine. Basi hata elimu ya uganga iliweza kutumiwa kuchora mpaka, na mchoraji akalala usingizi akiamini kwamba amefanya kazi ya sayansi. (Mbu wa Msimbazi, nasikia, hawakupata taarifa.)

Mtu asidhani kwamba naidharau elimu hiyo kwa kuwa ililetwa na Mzungu. Profesa Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwako Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria, na elimu yake ilikuwa ya kweli. Swali langu ni hili: ilikuwa ya nani? Hospitali nzuri ya Ocean Road, penye upepo wa bahari, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikwenda Sewa Haji. Na huyo Sewa Haji hakuwa Gavana wala daktari. Alikuwa tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, aliyeipatia misafara ya bara wapagazi na bidhaa, akatoa mali yake ijengwe hospitali isiyomfukuza mtu kwa rangi yake. Alifariki mwaka 1897. Hospitali yake ilitumika mpaka mwaka 1956, ilipofunguliwa ile iliyoitwa Princess Margaret, ambayo sisi baada ya Uhuru tukaiita Muhimbili. Wodi ya Sewahaji iko Muhimbili mpaka leo, nanyi vijana mnaingia na kutoka humo. Mjue basi ni jina la nani.

Nakuja kwa jambo lililonileta.

Zamani za Mwingereza, kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari ilimpasa aende Makerere, Uganda. Wachache mno walifika. Na aliyerudi na shahada yake alikuta amepewa cheo chenye neno “msaidizi” ndani yake, na mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu anayefanya kazi ile ile. Kidonda kile kile, kisu kile kile, mshahara mwingine. Daktari wa namna hiyo alikuwa na njia mbili. Angeweza kushukuru kwa nyumba ya Serikali na koti jeupe, akakaa kimya, na maisha yake yangekuwa mazuri kuliko ya jirani zake wote. Au angeweza kuvuka barabara.

Dk. Vedasto Kyaruzi, mwana wa Bukoba, alivuka. Alikuwa daktari wa Serikali, na mwaka 1950 akachaguliwa Rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, naye Abdulwahid Sykes akawa Katibu. Ofisi yao ilikuwa hapa hapa, New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Hebu fikirini: daktari wa Makerere na vijana wa Kariakoo wakikaa meza moja na mzee kama Sheikh Hassan bin Amir na Bwana John Rupia, wakitunga maandiko ya kumpelekea Gavana Twining juu ya katiba ya nchi. Hakuna aliyemwuliza daktari kwa nini ameiacha dawa akaingia siasa. Watu walielewa. Anayetibu kuhara kwa mtoto wa Kariakoo, na kesho akaletewa yule yule tena kwa kuwa mtaa hauna maji, mwishowe huuliza maji yanakwenda wapi, na swali hilo halina jibu katika kabati la dawa.

Serikali ya kikoloni nayo ilielewa. Haikumfunga. Ilimhamisha. Alipelekwa Kingolwira, karibu na Morogoro, kwenye hospitali ya gereza, kisha akatupwa mbali zaidi, Nzega. Walidhani ukimhamisha mtu umehamisha na fikira. Lakini kazi ile ya New Street iliendelea. Mwaka 1953 Mwalimu Nyerere akachaguliwa kuiongoza TAA, na tarehe 7 Julai, 1954, katika jengo lile lile, TANU ikazaliwa. Dk. Kyaruzi aliishi akauona Uhuru, akawa balozi wetu kwenye Umoja wa Mataifa. Wapo na madaktari wengine wa Makerere waliofanya kama yeye. Majina yao yanastahili hotuba yao wenyewe.

Mwalimu alipenda kukumbusha kwamba Mwingereza alitutawala miaka 43 akatuachia wahandisi 2 na madaktari 12. Nchi nzima, wanangu! Kwa hiyo mwaka 1963, Uhuru ukiwa na miaka miwili tu, Wizara ya Afya ilifungua Shule ya Uganga ya Dar es Salaam. Mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba, mwaka 1991 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hayo mnayo kwenye vitabu vyenu, sitayarefusha. Ila nataka mkumbuke ni nani aliyelipa. Alilipa mkulima wa pamba, wa kahawa, wa katani na wa korosho, ambaye wakati ule kwake hapakuwa hata na dispensari. Alikubali kulipa kwa kuwa aliahidiwa kwamba daktari atafika.

Kuna wakati ahadi ile ilitimizwa kwa njia ambayo leo wengine huicheka. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakainuka wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Hapakuwa na mashine. Palikuwa na Kiswahili chepesi na watu walioamini kwamba afya ni kazi yao.

Sasa tuseme ya leo, na tusifichane.

Kutoka hapa sokoni mpaka geti la Muhimbili si mwendo mrefu. Mtu mzima hutembea. Na bado umbali ni mkubwa. Mama wa Mtaa wa Swahili mtoto wake akipata homa, haendi Muhimbili, huenda duka la dawa. Ananunua amoksilini vidonge sita kwa sababu fedha zake zinatosha sita. Mtoto akipata nafuu kidogo, vilivyobaki vinawekwa kwa mgonjwa mwingine. Vijana, ninyi mnajua kuliko mimi matokeo yake: vijidudu hujifunza, na dawa iliyoponya baba zetu inakuwa kama unga. Mmeandika mitihani juu ya jambo hilo. Je, nani amemwambia yule mama? Mmefundishwa kwa Kiingereza, naye mtoto wake anaugua kwa Kiswahili. Au mzee anayeuza mizizi na magome pale sokoni: Chuo chenu kina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, lakini ni wangapi kati yenu mmewahi kukaa naye nusu saa mkamwuliza anauza nini na kwa ugonjwa gani?

Sisemi hayo kuwalaumu peke yenu. Mtaa huu umewaona mkifanya kazi. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo na kuua zaidi ya watu 25, wafanya biashara walichimba kwa mikono, na majeruhi wakapokelewa Muhimbili, Amana na Mnazi Mmoja na watu wenye elimu kama yenu. Siku ile hakuna aliyeuliza daktari ni wa mtaa gani.

Lakini liko deni la upande wa pili, na hili nalisema mbele ya viongozi wa Chama waliokaa hapa mbele, maana wasiposikia hapa watasikia wapi? Kijana wa udaktari anasoma miaka mitano, na mwaka mmoja tena wa mazoezi wodini. Akimaliza, anarudi nyumbani kusubiri ajira. Mwaka unapita, wa pili unapita. Wapo wahitimu wa afya wanaouza viatu na vifuniko vya simu katika mitaa hii. Biashara si aibu, wengi wetu tumelelewa nayo. Aibu ni kwamba wakati kijana huyo anapanga viatu, iko zahanati mkoani yenye muuguzi mmoja anayezalisha, anayechoma sindano, anayeandika daftari na kufagia. Mwingereza alituachia madaktari 12 kwa kuwa hakutaka kutufundisha. Sisi tumefundisha maelfu. Tutamwambia nini mkulima yule wa korosho, kwamba daktari wake yupo, ila hakuna fungu la mshahara?

Naomba basi mambo mawili. Viongozi, kila bajeti ya Wizara isomwapo, wabunge wetu waulize kwa hesabu: nafasi ngapi zilizo wazi, wahitimu wangapi walio nyumbani, na lini hao watakutana na hizo. Wasikubali kujibiwa kwa maneno ya “mchakato”. Na ninyi vijana, wakati mkisubiri na hata kabla ya kumaliza, vukeni barabara. Ofisi za mitaa zipo, misikiti na makanisa yapo, viongozi wa soko wapo. Jumamosi moja kwa mwezi inatosha kuanza, watu wanne na meza moja, mkieleza kipimo cha sukari, shinikizo la damu, na kwa nini dozi humalizwa. Msingoje mfadhili.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imeanza kunyanyuka kule nyuma, na mama mmoja ameshikilia pakiti ya dawa tangu nilipotaja amoksilini. Naomba wazee na akina mama wapewe nafasi wawaulize vijana hawa, na vijana wajibu wenyewe.