MELI KUBWA BANDARINI NA GUNIA LA MWANACHAMA

(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kibamba)



Asimamaye kando ya Barabara ya Morogoro hapa Kibamba huyaona makasha yakipita juu ya malori usiku na mchana, mengi yakielekea Zambia na Kongo. Ni wachache wajiulizao yameshuka katika meli ya namna gani. Hata hivyo, ukubwa wa meli hiyo unagusa bei ya korosho na ufuta wa mwanachama.

Mwaka 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, ikiwa na makasha 58. Ever Given, iliyoziba Mfereji wa Suez mwaka 2021, ilijengwa kubeba makasha ya futi 20 yapatayo 20,000. Meli ya kimo hicho haiji Dar es Salaam. Lakini kila meli kubwa mpya iingiapo katika njia ya Asia na Ulaya, iliyokuwapo husukumwa kwenda njia ndogo zaidi, mithili ya shati la kaka lishukalo kwa mdogo wake.

Mfano upo. Mwaka 2024 MSC Adu V, yenye urefu wa mita 294, ilifunga gati Dar es Salaam. Urefu huo haukutokea kwa bahati. Ndio uliokuwa kikomo cha malango ya zamani ya Mfereji wa Panama. Malango mapana yalipofunguliwa mwaka 2016, meli za kipimo hicho zilipoteza cheo chake kule, nazo zikatafutiwa kazi kwingine. Dar es Salaam nayo ilikwisha kujiandaa: katika mradi ulioanza mwaka 2017, magati namba 1 hadi 7 yalichimbwa kufikia kina cha mita 14.5.

Meli kubwa hupunguza gharama ya kila kasha baharini. Hilo ni jema. Tabu huanzia nchi kavu. Mzigo uliokuwa ukija kwa meli tatu, kwa siku mbalimbali, sasa huja kwa mkupuo mmoja. Meli ikishusha makasha 1,200, na lori likabeba mawili, hayo ni malori 600. Ndiyo maana barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ilipanuliwa, na mwaka 2025 bandari kavu ya Kwala ikazinduliwa ili makasha yapelekwe huko kwa reli.

Kwa upande wa mazao yaendayo nje, meli zikiwa kubwa na chache, aliyechelewa husubiri siku nyingi zaidi. Mnunuzi aliyeshinda mnadani akikuta ghalani magunia yenye unyevu, au hati zisizolingana na uzito, kasha lake hubaki nje ya meli. Hapo hulipa ghala, hulipa tozo ya kasha, na benki yake haimsubiri. Wengine hudhani hasara hiyo ni ya tajiri peke yake. Sivyo, katika mnada unaofuata ataikata katika bei atakayoandika, na atakayelipa ni mkulima ambaye hajapata kuiona meli hiyo.

Kwa hiyo katibu aulize, kabla ya mzigo kutoka chamani, siku ambayo bandari itafunga mapokezi ya shehena ya meli iliyokusudiwa. Kisha ahesabu kurudi nyuma: siku ya lori, siku ya kupima unyevu, siku ya mizani. Tarehe hizo zibandikwe ukutani, mahali mwanachama aletapo gunia lake.