PCOS na sonona: daktari akuulize na ya moyoni

Leo tunazungumza na akina dada wa DeSoto, Dallas na Fort Worth, hadi Houston, na waume zao nao wasikilize.

Yupo dada ambaye kila asubuhi kabla ya zamu hujifungia bafuni, akanyoa ndevu za kidevuni na kupaka poda juu ya chunusi. Hedhi yake huruka miezi miwili, mitatu. Akienda kwenye harusi, mashangazi humuuliza: "Mwanangu, mjukuu lini?" Hucheka nao, kisha hulia garini peke yake.

Hali hiyo ya ndevu, chunusi na hedhi kuruka, hospitalini huitwa PCOS, mvurugiko wa homoni ambao madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliueleza tangu 1935. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanao, na wengi wao hawajui.

Akifika kliniki, dada huyu hupimwa sukari, uzito na homoni. Moyoni je? Wenye PCOS hupata sonona na wasiwasi zaidi kuliko wanawake wengine. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka kila mwanamke apimwe sonona na wasiwasi mara tu anapogundulika kuwa na PCOS.

Kipimo chenyewe huanza na maswali mepesi. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Ni mara ngapi umejiona mnyonge, huna tumaini? Jibu kweli, dada yangu. Sonona si upungufu wa imani, wala hukurogwa. Inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Kiingereza kikikushinda, omba mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inatakiwa kukupa bila malipo. Tafadhali usimtume mtoto wako akatafsiri. Mambo haya si ya kumbebesha mtoto, na mbele yake hutasema yote.

Mashangazi, nawaomba: swali la mjukuu liacheni.

Nawe ukiwaza kujidhuru, usingoje miadi. Piga 988 saa yoyote, usiku au mchana, uombe mkalimani wa Kiswahili.