KUCHORA NJE KWA RANGI ZA MAFUTA
(Maneno haya yalisemwa mbele ya kundi dogo la wanafunzi wa uchoraji.)



Mmeniomba niseme machache juu ya kuchora kwa rangi za mafuta nje ya nyumba. Huko nje mwalimu mkali ni jua, nalo halimngoji mtu.

Zamani wachoraji wa Ulaya walitia rangi katika vibofu vya nguruwe, navyo vilipasuka upesi. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa tyubu ya bati, mfano wa ile ya dawa ya meno. Tangu hapo kuchukua rangi porini kukawa jambo jepesi. Katika majira ya joto ya mwaka 1869 vijana wawili maskini wa Ufaransa, Claude Monet na Auguste Renoir, waliketi karibu karibu kando ya mto Seine, mahali paitwapo La Grenouillère, wakachora maji yale yale. Picha zao zikatofautiana. Hiyo ndiyo faida ya kujifunza kwa kundi: utaona katika turubai ya jirani jambo ambalo macho yako yamelipita. Kwa maoni yangu watu sita watosha. Wakizidi, huwa baraza.

Sasa, sisi tulio karibu na Ikweta tuna shida yetu. Kivuli kilicho kirefu saa mbili asubuhi huwa kifupi mno ifikapo saa tano. Basi anzeni mapema, na turubai iwe kivulini, kwa maana weupe wake juani hudanganya macho. Wekeni kwanza alama za vivuli, wala msivifukuze tena vinapohama. Kisha zibeni turubai nzima kwa mafungu makubwa ya rangi: anga, mlima, ardhi. Majani na nyasi vitangoja.

Rangi ya kwanza iwe nyepesi, iliyotiwa tapentini. Yenye mafuta mengi ije juu yake. Mkigeuza utaratibu huo, picha itapasuka baadaye. Mahali palipoharibika pakwanguliwe kwa kisu bila huzuni, kwani rangi hii haikauki kwa kupotewa na maji. Hukauka polepole kwa kuvuta oksijeni ya hewani, nayo huchukua siku nyingi.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaonya juu ya matambara. Tambara lililolowa mafuta ya kitani, likikunjwa na kutupwa pembeni, huweza kupata moto lenyewe na kuiteketeza nyumba usiku. Yatieni matambara yote katika debe la bati lenye maji na kifuniko, kabla hamjafunga mizigo. Picha mbili mbichi zichukuliwe zikitazamana, na vipande vya kizibo katika pembe zake ili zisigusane.

Haya, jua limekwisha panda. Tuchukue vibao vyetu.