Dawa za Kulevya: Majibu ya Usaili na Swali Moja la Haki

(Mada iliyotolewa kwenye darasa la vijana wanaojiandaa na usaili wa ajira)

Leo hatuandamani, leo tunasoma. Wengi hapa mnaingia kwenye usaili wa mchujo, na dawa za kulevya ni mada ya kuulizwa. Toeni madaftari.

Kwanza, mikataba. Umoja wa Mataifa una mitatu. Wa 1961 unahusu dawa kama heroini, kokeini na bangi. Wa 1971 unahusu kemikali zinazoathiri akili. Wa 1988 unahusu biashara haramu yenyewe. Siku ya kupiga vita dawa hizi duniani ni 26 Juni.

Pili, sheria yetu. Sheria ya 1995 ilituletea Tume, ambayo kazi yake ilikuwa kuratibu tu. Sheria ya 2015, Sura ya 95, ikaleta Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, na hii ina meno: inapekua, inakamata, inachunguza. Zanzibar wana mamlaka yao, msichanganye.

Tatu, njia. Heroini ya Afghanistan hupakiwa majahazini kwenye pwani ya Iran na Pakistan, ikashuka na Bahari ya Hindi hadi pwani yetu. Hiyo ndiyo Njia ya Kusini. Na mirungi je? Kenya ni zao halali, Meru wanalima na kuuza. Ukivuka nayo Namanga kuja huku, ni jinai.

Sasa swali ninalotaka mtoke nalo: nani mwenye mamlaka ya kusema fulani ana hatia? DCEA na polisi wanakamata. Mkurugenzi wa Mashtaka anashtaki. Mahakama inahukumu. Basi! Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Februari 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, Paul Makonda, alitangaza hadharani majina ya watu 65 na kuwataka wafike polisi. Freeman Mbowe alikuwamo. Shida iko wapi? Jina likishatajwa, mtaa unahukumu siku hiyohiyo, kabla hakimu hajaona hata karatasi moja. Na kama kweli kuna muuza unga kwenye orodha, umeshamshtua, ataficha mzigo.

Tusieleweke vibaya. Hatuwatetei wauza unga, wamewamaliza wadogo zetu. Tunataka wafungwe kwa ushahidi, si kwa orodha. Na yule teja kijiweni ni mgonjwa, anahitaji tiba. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na wapo waliorudi kazini na kwa familia zao. Ukimjua mmoja, mpeleke kliniki.

Kariri miaka upate kazi. Lakini elewa nani anakamata, nani anashtaki na nani anahukumu, maana siku jina lako likitajwa, hiyo ndiyo itakayokulinda.

Karibuni maswali.