Vikundi vya Uokoaji vya Kujitolea na Mikataba ya Ununuzi ya Halmashauri

Mada kwa semina ya maafisa ununuzi, Kanda ya Ziwa

1.0 Utangulizi

Ndugu Mwenyekiti, tafsiri sitazikalia. Hadhira hii inazifahamu. Mkataba maalum ni ule ambao Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA) umekwisha kuwashindanisha wazabuni na bei zikajulikana, taasisi nunuzi ikabaki na kuagiza tu bila kuanza zabuni upya. Taasisi nunuzi ni sisi. Mwokoaji wa kujitolea ni yule anayefika kwenye tukio kabla ya gari la Zimamoto, na halipwi.

Kwetu ziwani huyo mara nyingi ni mvuvi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka majini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, mitumbwi ndiyo iliyotangulia kufika. Watu 19 walifariki, 24 wakatoka hai.

2.0 Mkwamo

Chukueni kikundi cha uokoaji cha mwalo wowote. Wanachangishana, wanapata fedha halali, wanataka jaketi okozi, kamba na tochi zisizoingiza maji. Halmashauri yao inaweza kuagiza jaketi hizo hizo kwa bei ya mkataba. Wao wanakwenda dukani kununua mojamoja kwa rejareja, na mara nyingine wanauziwa sponji iliyoshonewa kitambaa cha rangi ya chungwa. Nimeishika kwa mikono yangu. Ikilowa, inazama.

Kinachonikera zaidi ni hiki: kikundi hicho hicho, kikiwa cha vijana au wanawake, tunakihimiza kijisajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kama kundi maalum ili kiiuzie Serikali. Mlango wa kuuza tumewafungulia. Wa kununua haupo.

Katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, tulijaribu njia ya pembeni. Kikundi kiweke fedha kwenye akaunti ya amana, halmashauri iagize pamoja na mahitaji yake. Mweka hazina akauliza fedha hizo ni za kifungu gani. Mwanasheria akaomba muda. Vifaa vilipofika hatimaye, mkaguzi wa ndani akaandika hoja: vimepokelewa stoo na kutoka siku hiyo hiyo, na kwenye daftari la mali havimo. Hoja ilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye uchungu, maana hakuna aliyekosea. Tangu hapo nimeandika barua tatu kwa miaka sita. Majibu yote matatu yanasema suala linafanyiwa kazi.

Hofu ninayoisikia ni ulanguzi: wanakikundi watanunua kwa bei ya Serikali na kuuza sokoni. Siidharau. Lakini Marekani ilikutana nayo mwaka 2010, ilipotunga sheria ya kuruhusu Msalaba Mwekundu wa huko na mashirika mengine ya maafa yanayokidhi vigezo kutumia mikataba ya ununuzi ya serikali kuu. Waliandika humo humo kwamba hairuhusiwi kununua ili kuuza tena. Sentensi moja tu.

3.0 Mapendekezo

Haya ni maoni ya mtoa mada, si msimamo wa ofisi yake.

Mamlaka husika zitoe mwongozo unaomtaja mwokoaji wa kujitolea kama mnunuzi mshiriki chini ya halmashauri. Si lazima awe taasisi nunuzi kamili. Fedha za kikundi zilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na zitengewe kifungu chake, ili mweka hazina asiulize tena swali lile. Mzabuni apeleke vifaa moja kwa moja kwa kikundi, visipite stoo yetu, na mtendaji wa kata ashuhudie na kusaini hati ya mapokezi. Orodha iwe fupi: jaketi, kamba, tochi, glovu, vifaa vya huduma ya kwanza. Mafuta yasiwemo kwa sasa. Hapo hata mimi naogopa.

Kila jaketi lipigwe chapa ya kikundi. Idadi isizidi ya wanachama walioandikishwa. Kuuza tena kupigwe marufuku, kama nilivyosema, na kikundi kitakachokiuka kifutwe kwenye orodha. Zimamoto wathibitishe vikundi. Halmashauri mbili za ziwani zianze kwa majaribio. Narudia pia lile la kifungu cha fedha, kwa sababu bila hilo mengine yote yataishia stoo.

Nakala za barua zile tatu, na majibu yake, ninazo kwenye mkoba. Atakayependa kuzisoma anione wakati wa chai.