Jalada la Mgonjwa Lisafiri, Siri Yake Ibaki

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Mgonjwa anayetoka zahanati ya kijijini kwenda hospitali ya rufaa hubeba barua na daftari lake. Daftari hilo likilowa mvua au likisahauliwa ndani ya basi, daktari huanza upya: damu hupimwa tena, picha hupigwa tena, gharama hulipwa tena. Hiyo ni hasara ya fedha. Lakini kama daftari lilikuwa na onyo kwamba mgonjwa hudhuriwa na penisilini, hasara yaweza kuwa ya uhai.

Je, kompyuta peke yake zitaondoa tatizo hili? Hapana. Hospitali mbili zaweza kuwa na kompyuta na bado zisielewane, kwa kuwa kila moja ina mfumo wake na namna yake ya kuandika ugonjwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lina orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022.

Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kumbukumbu za hospitali mwaka 2002. Mwaka 2011, baada ya mabilioni ya pauni kutumika, Serikali yake ilitangaza kuuvunja. Kosa moja lililotajwa sana ni kwamba madaktari hawakushirikishwa vya kutosha. Estonia, nchi ya watu wapatao 1,300,000, ilianzisha mfumo wake mwaka 2008, na mfumo huo unaendelea. Huko kila anayefungua jalada huacha alama, na mgonjwa mwenyewe huweza kuona ni nani aliyelifungua. Hilo ndilo fundisho, wala si wingi wa mitambo.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria ni njema, lakini haiketi mapokezi. Anayeketi pale ni mtumishi. Mwalimu anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI akihofu kwamba habari zake zitafika shuleni kabla yake, hatarudi hospitali. Na akirudi, atamficha daktari. Jalada lenye uongo ni la hatari kuliko jalada lililopotea.

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo matatu. Kwanza, mifumo yote ya hospitali izungumze lugha moja. Pili, kila mtumishi awe na neno lake la siri, wala asimwazime mwenzake hata kwa dakika moja. Tatu, mgonjwa awe na haki ya kujua nani amesoma habari zake.

Ndugu zangu, jalada ni mali ya mgonjwa. Sisi tumekabidhiwa tu, na amana hairudishwi ikiwa pungufu.